Sauti Nyembamba ya Brigita

Wanaosema Brigita alikosa akili, wengi wao husema wakiwa wameshiba. Mwaka ule, baada ya vita vya Majimaji, Mdachi alikuwa amechoma maghala ya bonde zima, na Wendelin, mume wa Brigita, alikuwa anasakwa anyongwe. Alijificha kwenye matete nyuma ya shamba lao la mpunga.

Kuimba shambani hakukumshangaza mtu. Kila mwanamke aliyekaa kwenye dungu alifukuza ndege kwa kelele na nyimbo. Brigita alihitaji wimbo wa kumwita mumewe aje kula, akauchukua ule wa hadithi ya mtoto aliyefichwa pangoni asiliwe na zimwi. Wendelin alisimuliwa hadithi hiyo na mama yake tangu utotoni, akaipenda mpaka ukubwani.

*Ni mimi, mwanangu, ni mimi,*
*toka ule, njia ni nyeupe.*

Siku za kwanza alitoka, akala ming'oko ya kuchemsha, akarudi mafichoni. Kisha akaacha kutoka. Brigita aliimba mpaka koo likawaka, bakuli likajaa sisimizi. Alilia kwa hasira, maana mizizi ile aliichimba porini kwa kucha zake, na yeye mwenyewe alilala njaa.

Mama mkwe wake, bibi Margareta, ndiye aliyemfumbua macho. Akamuuliza kwani hadithi ameisahau. Mtoto yule alitoka kwa sauti ya mama yake, sauti nyembamba. Zimwi lilipokuja na maneno yale yale kwa sauti nene, alijikunyata ndani asitoke.

"Maneno yako hayana kosa, mwanangu," alisema. "Koo ndilo limeharibika kwa kupigia ndege kelele. Na mume wako si mzima tena. Aliambiwa risasi zitageuka maji, akaona wenzake wanavyoanguka. Sasa yeye ndiye yule mtoto wa pangoni, na wewe kwake ni zimwi."

Brigita akamwomba aimbe yeye. Bibi alijaribu, lakini njaa ilikuwa imemmaliza pumzi, hakusikika hata hapo chini ya dungu. Wakashikana mikono wakalia. Mtu wao alikuwa anakufa kwa njaa mahali ambapo wangeweza kumrushia jiwe likamfikia, lakini wakimfuata humo angewakimbia.

Kesho yake askari walifika. Hadithi hawakuijua, lakini bakuli la chakula kando ya matete halihitaji mkalimani. Mkubwa wao akamwekea bibi Margareta bunduki kifuani, akamwamuru Brigita amwite mtu wake.

Brigita akaona upenyo. Aimbe tu. Kwa koo lile Wendelin hatatoka, askari watachoka, na bibi atapona. Kwa mara ya kwanza aliishukuru sauti yake mbovu.

Akafungua mdomo. Hofu ilikuwa imembana kifua, na sauti ikatoka nyembamba, ile ile ya siku za kwanza.

*Ni mimi, mwanangu, ni mimi.*

Aliisikia mwenyewe, akaziba mdomo kwa viganja viwili. Alikuwa amechelewa. Matete yakatikisika, Wendelin akatokeza, mifupa mitupu, anatabasamu. Alikuwa amekinga mikono yote miwili apokee chakula.