Taulo za Bi Hallquist

Hutaamini, na mimi sikulazimishi, lakini kuna bibi wa miaka sabini na tano alibakiza kidogo tu akose heshima aliyoisubiri maisha yake yote, kisa taulo. Taulo ya kujifutia jasho, hiyohiyo unayoijua!

Ilikuwa Ijumaa, kwenye chumba cha nyaraka cha Chuo cha Tolland, kule Nebraska, Marekani, nje theluji imefika magotini. Delphine Rasmus, mtunza nyaraka, hata kahawa hajamaliza, mlango ukasukumwa. Bibi huyo ndani, fimbo mkononi, viatu vinachuruzika maji.

"Mwanangu, naitwa Lorraine Tischler. Nilicheza basketi hapa mwaka sabini. Idara ya michezo inasema sikucheza."

Delphine alikuwa anaijua habari yenyewe. Wanaume wa Tolland walikuwa wanapewa herufi T ya kitambaa, ya kushona kwenye jaketi, heshima ya kukichezea chuo, tangu enzi na enzi. Wasichana wa zamani hawakupewa kitu. Sasa chuo kimejirudi, kesho watapewa za kwao wakati wa mapumziko ya mechi, uwanja umefurika. Ila idara ilitaka karatasi yenye muhuri wake yenyewe, inayoonyesha nani alicheza, na mwisho leo saa kumi na moja jioni. Na idara hiyohiyo haikuwahi kuandika hata bao moja la wasichana!

"Yaani wananidai risiti ya kitu walichokataa kuniuzia," Lorraine akasema.

"Bibi, tuna karatasi za Bi Hallquist. Maboksi arobaini na moja."

Lorraine akasonya. "Verna Hallquist? Bi Taulo?"

Huyo Verna, marehemu sasa, alikuwa msaidizi wa mlezi wa wanafunzi. Michezo ya wasichana alitupiwa tu juu ya kazi zake nyingine, ofisi hana, bajeti hana. Na kila baada ya mazoezi, kila baada ya mechi, alisimama mlangoni pa stoo ya vifaa na karatasi yake: hujasaini, taulo hupati.

"Tunavaa fulana za wavulana zilizotoboka, tunauza pai tupate nauli ya mechi, yeye anahangaika na taulo!" Lorraine bado ana hasira, nakwambia. "Nikamwambia, mama, saini mwenyewe. Sikusaini hata siku moja. Nilikuwa najifuta na soksi."

"Soksi, bibi?"

"Safi lakini! Usinicheke."

Wakaanza kufungua. Boksi baada ya boksi. Barua za Verna za kuomba uwanja, angalau saa moja tu jioni: hapana, hapana, hapana. Kaomba tena wiki inayofuata. Huyu mama alikuwa hachoki! Lakini muhuri wa idara, hakuna.

Saa nane mchana wakafika boksi la ishirini na tisa. Humo orodha za taulo tupu. Karatasi ishirini na tatu, na kila moja ina tarehe, majina, saini, na chini yake muhuri mkubwa wa bluu: IDARA YA MICHEZO. Na juu ya ile ya kwanza, kwa mwandiko mdogo wa Verna: "Mechi ya nyumbani. Tumeshinda 48 kwa 31."

Delphine akaruka toka kitini. "Bibi! Taulo ni mali ya chuo, lazima idara izihesabu! Mechi zenu wangeweza kuzikana, taulo wasingeweza. Ilibidi wagonge muhuri! Kawaandikisha msimu mzima na wala hawakushtuka!"

"Mungu wangu," Lorraine akasema polepole. "Na sisi tukamwita Bi Taulo."

Akapitisha kidole kwenye saini. Wenzake kumi na mmoja, wote wapo. Akarudia tena. Kidole kikasimama.

"Mimi simo. Kwa kichwa changu kigumu, simo."

Delphine akainamia ule muhuri. Kulikuwa na mstari chini yake, wino wa bluu umeukanyaga katikati: "L. Tischler. Alicheza. Pointi kumi na tisa. Amekataa taulo. V.H."

Akafunua ya pili. "Amekataa taulo." Ya tatu. "Amekataa taulo." Zote ishirini na tatu, jamani! Mtu anatukanwa kila siku mlangoni, na kila siku anamwandika aliyemtukana, asije akapotea.

Saa tisa nakala zikatumwa. Saa kumi idara ikapiga simu: wachezaji kumi na wawili, Tischler yumo.

Lorraine hakushangilia. Alikuwa ameishika karatasi ya mwisho, ya mechi ya mwisho. Pale, chini ya "Amekataa taulo", Verna alikuwa ameacha mstari mtupu wa saini, na pembeni kaandika: "Nafasi ya Tischler. Nitasubiri."

"Mwanangu," akasema, "nisogezee hiyo penseli."

Sasa kwenye chumba kile, ukiongeza hata nukta kwenye karatasi ya kale, mtunza nyaraka kazi hana. Delphine akaitazama kamera darini. Akautazama ule mstari, mtupu kwa miaka hamsini na tano. Penseli akaiacha mezani, karibu na mkono wa bibi, halafu akainama chini ya meza kufunga kamba za kiatu.

Kiatu chenyewe hakina kamba.

Ungekuwa wewe, ungefanyaje?