Mshipi wa Baba Askofu

Jumamosi, alipomaliza kufagia sakristia, Mama Ethel Chingota alishusha kutoka kabatini mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, uliotolewa kanisani siku ya sadaka ya mavuno. Ulikuwa bado kwenye kigurudumu chake, haujawahi kuingia ziwani. Alilowesha ncha yake kwa mate, akafunga fundo, akavuta kwa mikono miwili. Haukukatika. Akauviringisha tena kwenye kitambaa cheusi, akaurudisha mbali na dirisha na mbali na mafuta ya taa, akamshukuru Mungu.

Mshipi ule ulikuwa wa Baba Askofu. Ilisemekana anapenda kuvua, ingawa hakuna aliyekumbuka nani alisema. Pale kisiwani Likoma kitu kizuri hakitumiwi, kinawekwa: sahani za wageni, shuka za wageni, na sasa mshipi wa Askofu, ambaye alitarajiwa siku yoyote tangu kabati lenyewe lilipokuwa jipya.

Kwenye kamati ya kanisa watu walibishana mshipi usiotumika unadumu muda gani. Katibu alisema miaka miwili, baada ya hapo unavunjika kama tambi. Mama Ethel alisema ukikaa gizani, penye ubaridi, unafika kumi. Mwenyekiti, mzee Leonard Mtawali, alisema kilichokwisha kuwekwa madhabahuni hakiozi. Wakafunga kwa sala.

Yolamu Kainga hakuwa na kabati. Mshipi wake ulishinda juani ndani ya mtumbwi, umepauka, umekakamaa. Kila wiki kampango yuleyule, kambale wa vilindini mwenye kimo cha mtoto wa darasa la pili, alishika ndoana yake, na kila wiki mshipi ulikatika samaki akiwa tayari ameonekana. Nyumbani watoto walikula ugali wa muhogo kwa kisamvu, na mkewe alikwisha acha kumuuliza amepata nini.

Ndipo kampango alipoanza kuja kanisani. Jumapili, baada ya kengele ya pili, alipanda kutoka ziwani na ndoana mdomoni, akakaa benchi la nyuma upande wa wanaume, sharubu zimelala kifuani. Padre aliendelea na somo. Mama Ethel alileta tambara, akapangusa maji sakafuni, akamwambia asogee kidogo watu wapite. Yolamu, aliyekaa jirani, alimtoa ndoana taratibu, akamwomba radhi, akaitia mfukoni.

Katibu aliuliza kwa nini asipikwe tu, maadamu amejileta. Padre akajibu kwamba aliyekuja kusali haliwi. Baada ya baraka kampango alirudi majini, na katikati ya wiki akashika ndoana tena, na mshipi ukakatika tena.

Kila mtu alielewa kwamba samaki huyu alitaka kuvuliwa mara moja, kwa mshipi unaofaa, yaishe. Wakati wa mahubiri alikuwa akiutazama mlango wa sakristia. Yolamu naye aliutazama. Mwishowe akaenda mbele ya kamati.

"Wazee wangu, naomba mshipi ule. Siku moja tu. Nitaurudisha nimeuosha."

"Wa Askofu?" aliuliza mwenyekiti.

"Unazeeka bure mle kabatini."

Mama Ethel aliutoa, akafunga fundo, akavuta mbele ya macho ya Yolamu. "Umeona mwenyewe. Mzima kabisa."

"Ndiyo maana nauomba, mama."

"Na ndiyo maana hatukupi, mwanangu," alisema mwenyekiti. "Ungekuwa umeoza tungekupa zamani. Wewe tulia. Siku mshipi ukioza, wa kwanza kupewa ni wewe."

Kamati ilicheka. Yolamu alicheka pia kidogo, kwa heshima.

Wakati wa Kwaresima Askofu alishuka kutoka melini. Siku hiyo kampango alijisafisha tope na kukaa benchi la pili. Mwenyekiti alikabidhi mshipi kwa mikono miwili. Askofu aliugeuzageuza, akafurahi sana. Alisema yeye mwenyewe mtumbwi humtia kichefuchefu, lakini amesikia Askofu Mkuu ni mvuvi hodari. Kwa hiyo atamwekea, kwenye kabati lake, mahali penye giza. Watu walipiga makofi, Yolamu akiwamo. Mlangoni Askofu alimshika kampango pezi, akamuuliza ana watoto wangapi.

Wiki hiyo kamati ilikutana, kwa kuwa kabati tupu lilitia aibu. Iliamuliwa kila nyumba itoe kikapu cha muhogo, upatikane mshipi mwingine, bora kuliko ule wa kwanza, uwe tayari endapo Askofu Mkuu atapita mwenyewe. Nyumba ya Yolamu ilitoa kikapu chake. Jioni ile watoto walilalia kisamvu kitupu.

Kampango bado anakuja, mdomo umejaa matundu. Siku hizi anazijua nyimbo zote, na kwa kuwa hana mikono, Yolamu humshikia kitabu.