Mbegu ya Mong'ina

Mama yangu, Mong'ina, hakuwahi kuuza mbegu. Hapa Kiogoro aliyemwomba alipewa, na akishavuna alirudisha kikapu kimoja. Basi.

Mwaka 1994 watafiti walikuja kuitafuta mbegu yake nyeusi ya wimbi, ambayo ugonjwa wa kukausha masuke haukuigusa. Mimi Bonareri, msomi wa kidato cha nne, nikamwambia, "Mama, hawa ni watu wa serikali, wape." Akawajazia kikapu, akawaomba warudishe wakishavuna. Wakaitikia kwa vichwa, wakaenda zao, wasirudi tena. Kweli shukrani ya punda ni mateke!

Mwaka 1997 mvua za Elnino zilipozidi, ghala letu liliporomoka na mbegu yote ikaoza. Majirani walikuwa wameshahamia mahindi na chai. Hakuna aliyebaki nayo. Februari iliyofuata, msimu wa kupanda ukikaribia, tukashika njia kwenda kituo cha wale watafiti mjini.

Karani, Okoth, alitupokea vizuri, hata chai tukanywa. Mbegu ipo, alisema, imehifadhiwa kwenye baridi.

"Lakini sasa iko na masharti, mama. Kuna kampuni ya ng'ambo inatengeneza mbegu mpya kutoka kwa hii. Weka tu kidole hapa, nikupatie kilo mbili."

Nikamsomea mama ile karatasi kwa Ekegusii, lugha yetu: apande shambani mwake, asimpe mtu mwingine yeyote.

"Hata mke wa Angwenyi, jirani yetu?" mama akauliza.

"Hata yeye," nikamjibu. "Lakini mama, nani atajua? Weka kidole twende."

"Na akiniomba, nimwambie nini?"

Nilipomtafsiria, Okoth akajikuna kichwa. "Mwambie akuje hapa ajaze fomu yake. Lakini hiyo kampuni inaweza kataa."

Mama akairudisha karatasi mezani. "Siwezi kulima kitu cha kuwanyima watu," akasema, akajifunga leso yake vizuri, akatoka.

Nilimkasirikia njia nzima. Tungekuwa tunarudi na kilo mbili!

Mke wa Angwenyi tulimkuta langoni kwetu, kikapu mkononi. "Mama Bonareri, mmeipata? Nigawie kidogo."

"Sina," mama akasema.

Neno hilo sikuwahi kulisikia likitoka kinywani mwake, nikaumia. Mke wa Angwenyi naye hakuliamini. Aliondoka bila kuaga, akidhani amenyimwa.