Tochi Iliyomkataa Gibson

Mzee Abner Ombati, mzee wa kijiji kimoja huko Gesima, aliingia dukani kwa Farhiya mjini Kisii kununua kufuli. Alitoka na tochi kichwani.

Mzigo mpya ulikuwa umefika asubuhi ile, na Farhiya alikuwa anawashwa kumwonyesha mtu. Alirudisha mlango, akaziba dirisha kwa leso, akamfunga mzee mkanda wa lastiki kwenye paji la uso.

"Sasa mzee, usibonyeze chochote. Pitisha mkono tu hapo mbele, kama unafukuza nzi."

Ombati akafukuza nzi ambaye hakuwapo. Ukuta mzima ukawa mweupe. Aliona misumari kwenye makopo, akaona buibui pembeni mwa dari akijikunja kwa aibu. Maisha yake yote alikuwa ametumia tochi za kupigapiga kwenye paja ndipo ziwake, na betri za kuanika juani ndipo zipate nguvu. Hii ilimtii kwa ishara, kama askari wa gwaride.

"Inanijua?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Inamjua kila mtu, mzee," Farhiya akasema. Alikuwa akifanya biashara tu.

Alifika nyumbani mchana akiwa bado ameivaa. Gesare, mkewe, aliinua kichwa kutoka kwenye majani ya chai. "Baba Kerubo, nani amekupasua kichwa?"

Kesho yake kulikuwa na kesi. Gibson na Mogire, majirani, waligombania kichaka cha migomba kilichoota katikati ya mpaka wao. Gibson alisema babu yake ndiye aliyeipanda. Mogire alisema ilitoka shambani kwake ikavuka yenyewe. Kwa sababu ya mvua, kikao kilihamia kwenye banda la kupimia majani chai, na kwa kuwa mle ndani hamkuwa na mwanga wa kutosha, Ombati alivaa tochi asome karatasi za mpaka. Alipomaliza aliizima, akaiacha palepale kichwani.

Gibson alitangulia. Huyu ni mtu asiyeweza kutaja hata jina lake bila mikono. Alimsogelea mzee hadi karibu wagusane pua.

"Hii migomba," akasema, mikono ikiruka, "ilipandwa na babu yangu!"

Tochi ikawaka. Ikammulika usoni.

"Nasema babu yangu..." Ikazima. "Alipanda!" Ikawaka tena.

Kisha mama mmoja aliyekalia gunia akasema polepole, "Imemkataa."

Ombati aliizima, na zamu ya Mogire ilipofika, naye alisogea palepale. Alikuwa anasikia baridi, kwa hiyo alieleza habari yake yote, tangu ukoloni, mikono ikiwa ndani ya mifuko ya koti. Tochi haikufanya lolote.

"Huyu imemkubali," wakasema.

Ombati alijua siri ya mkono. Lakini watu hamsini walikuwa wakilitazama paji lake la uso kwa heshima ambayo hawakuwahi kumpa kwa miaka kumi na moja ya kusuluhisha kesi za kuku. Akakohoa, akasema uamuzi utatolewa wiki ijayo.

"Ile ni tochi!" Gibson akapiga kelele. "Tochi itamjuaje babu yangu? Wacha nijaribu tena, nikalie mikono!"

Akaletewa kiti mbele ya mzee. Akakalia viganja vyake viwili, akavuta pumzi, akasema kwa upole kama mtu anayebembeleza mtoto, "Babu yangu alipanda migomba."

Nzi akapita. Tochi ikawaka.

Habari zilienea haraka. Jumamosi, kanisani kwa Wasabato, mhubiri alimwona Ombati kwenye benchi la mbele, akafumbata mikono mgongoni, akahubiri saa nzima hivyo, ingawa tochi ilikuwa nyumbani ikichajiwa. Sokoni watu walipatana bei wamekunja mikono. Gibson hakuzungumza na mtu. Alienda Kisii, akamsihi Farhiya aje kutoa ushahidi, na siku ya uamuzi akaja naye.

Farhiya alisimama mbele ya Ombati na karatasi ya maelezo mkononi. "Wazee wangu, hii kitu ina sensa, kijicho kinachoona mkono. Haijui uongo wala ukweli. Mkono ukipita hivi..." Akapitisha. Ikawaka.

"Mwongo!" banda likalipuka.

"Ngojeni jamani! Ukipita tena..." Ikazima.

"Hapo amesema kweli," akasema mama wa gunia, na wengi wakaafiki.

Gesare ndiye aliyeinuka. Alimvua mumewe ile tochi, akaivaa juu ya kitambaa chake, akainama mbele yake.

"Baba Kerubo. Juzi ulisema unaenda kwa naibu wa chifu. Ulienda wapi?"

"Kwa naibu wa chifu," Ombati akasema, akainua mkono kama anayeapa.

Ikawaka. Mwanga ule haukumwachia mahali pa kuficha macho.

"Nilikuwa Magwagwa," akasema hatimaye. "Kwa rafiki yangu Momanyi. Tulichinja mbuzi." Akawageukia watu. "Lakini nisikilizeni! Huyu mama wa Kisii amesema kweli. Ni mkono tu. Nilijua tangu dukani, nikanyamaza kwa sababu... kwa sababu mlikuwa mnaniheshimu."

Hakuna aliyemsikia. Tochi ilikuwa imempata mzee wa kijiji mwenyewe na mbuzi wa Magwagwa, sasa nani angeshuku? Mogire, kwa furaha, alikuja mbele akatoa mikono mfukoni kwa mara ya kwanza, akapiga makofi mbele ya uso wa Gesare. Mwanga ukazima, ukawaka, ukazima, ukawaka.

"Hata huyu!" wakapiga kelele.

Basi ikaamuliwa kwamba kwa kuwa wote wawili ni waongo, migomba si ya yeyote. Mikungu mitatu ikakatwa siku hiyohiyo, ikapikwa hapo nje ya banda. Gibson na Mogire walikaa benchi moja, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka kukaa karibu nao, wakaanza kuzungumza. Gibson alirusha mikono apendavyo. Mogire alicheka mpaka ndizi ikampalia.

Wiki mbili baadaye shangazi watatu kutoka Gesima waliingia dukani kwa Farhiya. Walikuwa na mazungumzo ya mahari na walihitaji tochi. Farhiya, aliyekuwa amechoka kuitwa mwongo, aliwaletea ya kawaida, yenye kitufe ubavuni.

"Hii ni nzuri," akawaambia. "Haina mambo mengi. Unabonyeza mwenyewe."

Shangazi mkubwa aliigeuzageuza, akairudisha juu ya meza.

"Hapana, mama," akasema. "Ya kubonyeza inaweza kuhongwa."