Gumba la Doña Eudelia

Nilipata kazi yangu ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na minne: mkataba wa mwaka mmoja katika hifadhi ya nyaraka za sanaa ya Walatino wa Marekani, hapa San Antonio. Nilikuwa nimeomba nafasi za aina hiyo mara kumi na saba. Kwa hiyo nilipokabidhiwa mabango arobaini na matatu ya Karakana ya Nopal, kikundi cha wachapaji wa zamani, niliapa moyoni kwamba hakuna atakayepata kosa katika kazi yangu.

Mabango hayo yalichapwa upande wa magharibi wa mji, miaka ya sabini, kwa ajili ya migomo ya wachuma zabibu na ya wanafunzi. Hayakuwa na saini. Wanakarakana walikubaliana kwamba bango ni la mtaa, si la mtu. Kila moja lilipigwa muhuri wa mpungate, ambao ndio nopal, basi.

Nilifuata utaratibu niliofundishwa chuoni. Piga picha ya mbele. Safisha. Pima. Eleza. Toa namba. Nyuma ya kila bango, kona ya chini kushoto, palikuwa na doa la kijivu. Nililipitishia sponji kavu ya mpira mpaka karatasi ikawa nyeupe. Katika katalogi niliandika: "Nyuma: uchafu wa mkono, umeondolewa." Niliandika hivyo mara thelathini na nane.

Kisanduku kimoja cha katalogi kilibaki kitupu: mchoraji. Fidencio Ozuna, mwanakarakana pekee aliyepata jina, alikuwa ameiandikia ofisi barua akisema kazi zote ni zake. Bosi wangu, Baldemar Villarreal, hakuiamini sana barua hiyo, lakini wadhamini walikuwa wanaisubiri katalogi.

"Tafuta mtu mwingine aliyekuwepo," aliniambia. "Ukikosa ushahidi mpaka Ijumaa, tunaandika Ozuna."

Mbali na Ozuna, aliyebaki hai alikuwa mmoja, Doña, yaani Bibi, Eudelia Cantú, mwenye miaka themanini na mmoja. Katika barua ya Ozuna alikuwa na mstari mmoja: aliosha fremu za kuchapia na kupika maharage. Jumatatu nilikwenda kwake, akaniketisha jikoni, nikamsomea mstari ule. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Maharage! Huyo mzee hana haya. Mwulize rangi ya machungwa inachanganywaje. Atakwambia kamua chungwa."

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyechora, Doña?"

"Yote. Yeye alikuwa na mdomo, mimi nilikuwa na mkono. Mdomo ndio uliokwenda kwenye mikutano."

"Kuna michoro ya mwanzo? Picha? Barua?"

"Mafuriko ya tisini na nane yalibeba kila kitu. Mimi mwenyewe yaliniacha kwa bahati." Aliniwekea tortilla ya pili, chapati yetu ya mahindi. "Lakini ushahidi unao wewe, mwanangu. Fidencio alikataza majina. Hakukataza vidole. Nilikuwa nasugua penseli kwenye gumba, nalikandamiza nyuma, kona ya chini kushoto. Kila bango. Geuza tu, utaniona."

Niliirudisha tortilla kwenye sahani.

"Mbona umebadilika hivyo? Pilipili?"

"Ndiyo, Doña. Pilipili."

"Mtoto wa Kimexico anaangushwa na pilipili! Mama yako anajua? Kunywa maji. Alhamisi nitakuja kuyaona. Miaka arobaini sijayaona."

Sikumwambia. Nilirudi ofisini nikakimbilia mabango matano ambayo sikuwa nimeyafikia. Niliyatazama kwa kioo cha kukuzia, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa yale mengine. Doa lilikuwa alama ya gumba. Mistari yake ilionekana wazi, na kovu jembamba likiikata katikati. Kovu hilo nilikuwa nimeliona asubuhi ile, kwenye gumba lililoshika mwiko.

Villarreal alinisikiliza bila kunikatiza.

"Matano ni yake," alisema mwishoni. "Kwa hayo mengine sina cha kumwonyesha mtu, hata picha ya nyuma hamna."

"Mkono ni ule ule. Mtu yeyote akiyapanga pamoja ataona."

"Hayo ni maoni. Ozuna atakuja na wakili, mimi nitakuja na maoni?"

"Madoa niliyaona kwa macho yangu!"

"Uliona uchafu, Nereida. Wewe mwenyewe umeandika."

Alhamisi Doña Eudelia alikuja na hereni za fedha na gauni la kanisani. Nilikuwa nimeyapanga mabango katika mafungu mawili juu ya meza ya wasomaji, dogo la yale matano na kubwa la yale niliyoyasafisha. Alianzia kwenye kubwa. Aligeuza bango la kwanza kabla sijapata ujasiri wa kusema. Akageuza la pili. La tatu.

"Mimi nimekwenda wapi?" aliuliza.

Nilimweleza. Nilimtajia sponji, utaratibu, idadi. Nilimwonyesha yale matano.

"Ulidhani ni nini?"

"Uchafu, Doña."

Katika chumba kile kalamu za wino haziruhusiwi, kwa hiyo mezani huwa kuna penseli. Alichukua moja, akaanza kusugua ncha yake kwenye gumba, taratibu, upande huu na upande ule, kama mtu anayefanya kazi ya kila siku. Gumba likawa jeusi. Akalipeleka kwenye kona ya bango la wachuma zabibu.

Nilimshika kifundo cha mkono.

"Niachie, mwanangu. Ni langu."

"Najua ni lako."

"Sasa unanizuia nini?"

"Alama ya leo haithibitishi ya zamani. Ukiiweka, watasema hata yale matano uliyatia alama leo. Utayakosa yote, Doña. Tafadhali."

Hakuuvuta mkono wake. Tulikaa hivyo, gumba likiwa juu ya karatasi nyeupe, mpaka akalegea mwenyewe. Akaomba kitambaa. Nilimpa, akajifuta akiwa amenigeuzia mgongo.

Nilimsindikiza mlangoni, akaondoka bila kuniaga. Nilirudi kwenye kompyuta, nikafungua katalogi, nikaandika Cantú mara tano. Kisha nikaanza kuandika Ozuna.