Hii Siyo Amplifaya Niliyoisikia

Mpaka leo nikilikumbuka duka lile damu hunichemka, na sehemu ya hasira hiyo najikasirikia mwenyewe. Nitaeleza yote, hata pale ninapoonekana mjinga.

Mke wangu haoni. Surua ilimchukua macho akiwa na miaka minne. Anafanya kazi kwenye swichibodi ya kampuni ya maji, na wenzake humwita Mama Laini, kwa sababu mtu akipiga simu mara moja tu kulalamikia bomba lililopasuka, akipiga tena mwaka unaofuata anatambuliwa kabla hajajitaja. Jumapili mchana hucheza gemu la ngumi na mdogo wake wa kiume, shemeji yangu, ambaye yuko mgodini mbali sana na sisi. Watu huuliza asiyeona anachezaje gemu. Anacheza kwa masikio. Kila ngumi ina mlio wake, kila teke lina mlio wake, na hatua za mpinzani zinasikika kushoto au kulia kulingana na aliposimama. Sauti ikiwa mbovu, basi ni sawa na mimi na wewe kupigana tukiwa tumefungwa vitambaa machoni.

Mwaka jana shemeji alimtumia hedfoni kubwa, zile za studio. Tatizo lake ni kwamba zinataka kusukumwa kwa nguvu. Tulipozichomeka kwenye kompyuta zilinong'ona kama mtu mwenye mafua. Shemeji akaeleza kuwa inahitajika amplifaya ya kuzipa nguvu, na pia chanzo kizuri cha sauti, yaani kile kisanduku kinachopokea tarakimu za kompyuta na kuzigeuza kuwa sauti. Siku hizi, alisema, viwili hivyo hupatikana ndani ya kasha moja. Akamwambia dada yake asinunue kwa kusoma sifa, anunue kwa kusikiliza.

Jumamosi tukaenda kwenye duka kubwa la vyombo vya muziki. Muuzaji alikuwa kijana mtanashati, shati limenyooshwa mpaka lina makali. Mke wangu alisimama mbele yake, fimbo nyeupe mkononi, hedfoni shingoni. Muuzaji akanitazama mimi.

"Anataka nini?" akaniuliza.

Nikamjibu. Hilo ndilo kosa langu, na wakati ule wala sikuliona kama kosa. Nilimwambia anataka amplifaya ya muziki na gemu, yenye chanzo chake humo humo, na nikaendelea kueleza mambo ambayo hata mimi niliyaelewa nusu. Mke wangu alingoja nimalize. Kisha akasema kwa utulivu kwamba angependa kusikiliza tatu, moja baada ya nyingine.

Muuzaji alileta ya kwanza, ina vioo viwili vinavyowaka kama taa za chemli. Akasema, akiniambia mimi, kwamba bibie ataipenda kwa sababu taa zake hubadilika rangi saba. Alikuwa anamuuzia rangi mtu asiyeona! Mke wangu alichomeka hedfoni na simu yake, akafungua rekodi ya mazoezi ya kwaya yake. Rekodi ile anaijua kama mfuko wake: mwenye sauti nzito anayekohoa yuko kushoto, mlango unaolia uko kulia nyuma, naye mwenyewe yuko katikati, safu ya pili.

Alivua hedfoni. Nzuri kwa nyimbo za taratibu, alisema, inapaka kila kitu mafuta. Lakini kwenye gemu hatua za mtu zitateleza. Ya pili ilikuwa na swichi ya kufanya sauti izunguke kichwani. Muuzaji aliisifu mpaka akaishiwa pumzi, eti wachezaji wote wa gemu wanaililia. Mke wangu alisikiliza dakika moja. "Umeniweka chooni," akasema. "Kila mtu anatoka kila upande." Ya tatu ilikuwa kasha dogo jeusi, kitufe kimoja cha kuzungusha, basi. Hapo alisikiliza wimbo mzima. Akapunguza sauti mpaka karibu na kimya, akapandisha, akapunguza tena. Nikamwona anatabasamu, na nikajua mlango wa kwaya umelia mahali pake.

Tukaichukua. Muuzaji alisema ile ya mezani ni ya maonyesho, akaingia stoo na kutoka na boksi lililofungwa, akalifungua mbele yangu. Nilihakikisha kwa macho yangu: jina lile lile, umbo lile lile, kitufe kile kile. Nikaweka sahihi.

Nyumbani hakumaliza hata ubeti mmoja.

"Hii siyo niliyoisikia," alisema.

Nilimwambia ni yenyewe, nimeiangalia mimi mwenyewe.

"Unaniambia ulichokiona. Sikukuuliza umeona nini." Akazungusha kitufe. "Nikipunguza, sikio la kulia linazimika kabla ya la kushoto. Na nyuma kuna mvumo, kama friji la jirani. Ile ya dukani haikuwa hivyo."

Nikavaa mimi. Mimi ni seremala. Miaka ishirini ya msumeno wa umeme imeniachia masikio ya gogo. Sikusikia mvumo wala kuzimika. Nikamwambia pengine ni uchovu, pengine dukani alikuwa na hamu tu. Alikunja waya wa hedfoni, akarudisha kila kitu ndani ya boksi. Baadaye aliniambia kuwa kutwa nzima kazini watu humwuliza kama kweli ameelewa, wakati wao ndio wamekosea namba, na hakutarajia kuulizwa hivyo na mimi pia.

Jumatatu alipotoka kazini tulirudi. Njiani nilijiapiza kufunga mdomo. Muuzaji alitupokea kwa bashasha, mpaka alipojua tumefuata nini. Akanivuta mkono kando kidogo, kana kwamba mke wangu ni kiziwi pia.

"Mzee, hawa wenye matatizo ya macho wakati mwingine hudhani wanasikia vitu," akaniambia.

Nikauchomoa mkono wangu. Nikamwambia mnunuzi ni yule pale, mimi ni seremala.

Mke wangu alikuwa amesikia kila neno, bila shaka. Alikuja mpaka kwenye kaunta akaweka kasha letu kando ya lile la maonyesho. Akaomba mtu yeyote asiye wa duka amsaidie. Alijitokeza muuguzi aliyekuwa anatafuta spika, bado amevaa sare yake. Mke wangu akamweleza: achomeke hedfoni kwenye kasha lolote kati ya hayo mawili, abadilishe apendavyo, asiseme ni lipi. Yeye atataja.

Watu wakasogea. Mara ya kwanza mke wangu akasema, "La kwangu." Muuguzi akaitikia kwa kichwa, kisha akakumbuka, akasema ndiyo. Mara ya pili, la duka. Ya tatu, la duka tena. Wakafika mara nane bila kukosea hata moja, na kila mara hakuchukua zaidi ya pumzi mbili tatu. Mara ya tisa muuguzi alichomoa, akatikisa waya kidogo, akachomeka pale pale.

"Umerudisha lile lile," mke wangu akasema. "Na umechoka, nenda ukatafute spika zako."

Watu wakacheka, muuguzi kuliko wote. Muuzaji hakucheka. Alisema masikio ya mteja si kipimo, kwamba sahihi ilishawekwa, na kwamba utaratibu wa duka uko wazi: mali ikishauzwa hairudishwi.

"Uko wazi wapi?" mke wangu akauliza.

"Imeandikwa hapo ukutani."

Watu wakatazamana. Nadhani hata muuzaji aligundua alichokisema, maana alishika kola yake na kuirekebisha. Mke wangu aligeuza uso pole pole kuelekea ukutani, akakaa hivyo kwa muda, kama mtu anayesoma. Kisha akanyoosha mkono upande wangu.

"Una bisibisi?"

Seremala hakosi bisibisi. Muuzaji akaruka kusema kasha likifunguliwa waranti imekufa. Mke wangu akamwambia kama mali haiwezi kurudi dukani, basi ni mali yake, na anaifungua. Nikalegeza skrubu nne. Ndani mlikuwa na kibao kidogo cha umeme, hakizidi kiberiti, na pembeni yake kipande cha chuma kilichobandikwa kwa gundi. Kipande cha chuma tu, cha kutia uzito, ili mtu akinyanyua kasha aamini. Nimefanya kazi na gundi maisha yangu yote, na ile ilikuwa imemwagwa na mtu asiye na aibu. Nikakiongoza kidole cha mke wangu mpaka kwenye kile chuma. Alikigusa pande zote.

Mwanamume mmoja nyuma yetu akasema ya kwake, aliyoinunua mwezi uliopita, iko ndani ya gari, na akatoka kuifuata. Hapo muuzaji ndipo alipompigia simu mwenye duka. Alizungumza akiwa ametupa mgongo, na aliporudi uso ulikuwa umemshuka. Alisema mzigo ule uliletwa hivyo, yeye hajui lolote. Labda ni kweli. Sijui. Ninachojua ni kwamba mke wangu alipokataa kasha jingine la stoo na kudai lile la mezani, lile lile alilolisikia, alipewa bila neno.

Tulipokuwa mlangoni muuzaji akatufuata. "Mzee, tusameheane," akaniambia. Kwangu tena!

Nilikwenda nyumbani kifua mbele. Niliona tumeshinda. Nilikuwa nikisimulia upya kwa sauti kubwa, jinsi muuzaji alivyobabaika, jinsi watu walivyocheka, mpaka nikagundua ninasimulia peke yangu.

"Siku ile ya kwanza," mke wangu akasema, "alipouliza anataka nini, wewe ulimjibu."

Nilianza kujitetea, kwamba nilitaka kusaidia.

"Ungenyamaza angalau angejua ninayo sauti. Yeye ni mgeni, anauza. Mimi na wewe tuna miaka kumi na minne ya ndoa."

Nikaacha kujitetea. Hasira yake ilikaa siku kadhaa. Alinipikia, alinisalimu, lakini alikuwa mbali, na nilistahili.

Jumapili alikaa mbele ya kompyuta, pedi mkononi, hedfoni kichwani. Mimi nilikuwa nikipiga msasa mguu wa kiti barazani, mlango uko wazi. Alimchapa mdogo wake michezo minne mfululizo. Shemeji alipiga kelele mpaka nikamsikia kupitia hedfoni, akilalamika kwamba hawezi tena kumnyemelea kutoka upande wowote. Kisha akauliza nani alimchagulia mashine ile.

"Nilichagua mwenyewe," mke wangu akamjibu. "Shemeji yako alinisindikiza."

Nikaendelea na msasa wangu. Neno hilo lilikuwa la haki.