Adui wa Leo

Ghislain alikuwa ameona miji mingi katika michezo ya video, ya Wazungu, ya Waarabu, ya Wachina. Likasi, mji wake wa migodi, hakuuona humo hata mara moja. Ndiyo sababu alitaka mchezo wao wa tatu uache zamani, uje leo.

Dada yake mkubwa, Daniella, hakutaka. Michezo miwili ya kwanza waliitengeneza pamoja, yeye akichora, Ghislain akiandika programu. Ilimhusu Kabwe, mfua shaba wa kale, anayebeba misalaba ya shaba, fedha ya enzi hizo, kutoka tanuruni hadi mtoni huku akipigana na watekaji wa watumwa. Watu waliipenda. Hata mjini Kolwezi walikuwa wakiicheza katika simu.

"Zamani iko na kitu," Daniella alisema. "Mutu anaacha taabu yake, anaenda fasi ingine. Weye unataka kumurudisha mu vumbi ya Kikula?"

"Ndiyo. Si ni vumbi yetu?"

Mwishowe walikubaliana. Jumamosi, baada ya mazoezi, wanakwaya wa kanisa lao waje nyumbani kwa mama yao, Suzanne, watazame kipande ambacho Ghislain amekwisha kutengeneza, kisha wapige kura. Wakikipenda, mchezo unakuja leo. Wakikikataa, unabaki zamani, na Ghislain hataomba tena.

Siku hiyo Mama Suzanne alipanga viti, akainamisha kichwa. "Bwana, wewe uliyewapa watoto hawa vidole, uviongoze. Na umeme usikatike." Wakaitikia Amina. Amina ya umeme ilisikika mpaka barabarani.

Televisheni ikawaka. Kabwe, sasa amevaa jinzi na kandambili, alikimbia juu ya mabati ya Kikula, mtaa wao.

"Ee! Ni ku soko!"

"Angalia dirisha ya Papa Gaston! Hata ile kartoni mu fasi ya kioo iko!"

"Yesu! Bomba ya kiwanda ya Shituru na moshi yake!"

Ghislain hakutazama televisheni. Alitazama nyuso zao, na moyoni alimshukuru Mungu.

Kisha Kabwe akafika kwenye uzio wa mgodi. Pale alisimama mlinzi mwenye shati la buluu. Ghislain akabonyeza, fimbo ikaruka, mlinzi akaanguka.

Hakuna aliyeshangilia.

"Ule ni bwana yangu," alisema Orpha, mwimbaji wa sauti ya kwanza. Mume wake, Godefroid, alilinda uzio kama ule. "Hata ile shati, minye njo naipiga pasi."

"Orpha, umekuwa mujane mbele ya macho yetu!" mmoja akasema, wakacheka.

"Hapana, si yeye," Ghislain alisema haraka. "Ni mulinzi tu."

"Ule mulinzi tu iko na batoto batatu ku nyumba."

"Sawa, nitamutosha mu muchezo. Adui atakuwa munuzi wa madini, ule mwenye mizani ya uongo."

Vichwa vikageuka kumwelekea Papa Gaston, shemasi, ambaye hununua mawe ya madini kwa wachimbaji.

"Musiniangalie," Gaston alisema. "Mizani yangu iko sawa. Na mukiniua leo, nani atasoma matangazo kesho?"

"Basi polisi?"

"Yaya yangu," Jaël wa kwaya alijibu kutoka nyuma, akimaanisha kaka yake mkubwa.

"Mwizi, basi! Nani hapa atalilia mwizi?"

Karibu na mlango aliketi Mama Claire, ambaye mwanawe alikuwa gerezani. Wote walijua, kila Jumatano walimwombea.

"Mutoto yangu," alisema kwa upole, "mwizi naye iko na mama."

Ghislain aliweka kidude cha kuchezea juu ya meza. "Munisamehe, mama."

"Hakuna kosa. Endelea na kazi yako."

Lakini hakuweza kuendelea. Daniella akamsogelea. "Uliona? Zamani njo kuna adui. Leo kuna bantu tu."

"Na batekaji yako ya zamani," Ghislain alijibu, "banazaliwa na nani? Na majani?"

Daniella aligeuka, akamtazama mlinzi kwenye televisheni. Watekaji wote, katika michezo yote miwili, alikuwa amewachora uso mmoja. Hata mlinzi wa leo Ghislain alimpa uso uleule, maana mwingine haukuwapo.

Mlango ukagongwa. Akaingia Godefroid, ametoka kazini na shati lake la buluu, kumchukua mke wake. Nyumba nzima ikalipuka kwa kicheko.

"Ufufuo!" Gaston alipaza sauti.

"Tulikuzika sasa hivi," Orpha alimwambia mumewe.

Walipomweleza, Godefroid hakukasirika. Aliomba ajaribu. Ghislain akamwonyesha kitufe cha kutembea, cha kuruka, cha kupiga.

"Na hii?"

"Ile ni ya kusalimia. Bantu habaitumie."

Kitufe hicho kilibaki tangu mchezo wa kwanza, ambapo Kabwe alipiga goti na kupiga makofi mbele ya machifu. Ghislain alibadilisha nguo tu. Mwili ulikuwa wa zamani.

Godefroid alimtembeza Kabwe polepole barabarani, si juu ya mabati. Kwenye uzio mlinzi akainua fimbo. Godefroid akabonyeza salamu. Kabwe, na jinzi yake, akapiga goti, akapiga makofi polepole. Mlinzi akampiga kichwani, Kabwe akaanguka.

"Mbona ananipiga? Nimemusalimia!"

"Hajui salamu, Papa Godefroid. Hatukumufundisha."

"Minye, mutu akinisalimia, ninamuuliza ni mutoto wa nani. Njo pale tunaanza. Kisha pengine atapita, pengine nitamufukuza, pengine atakimbia na minye nitamufuata mpaka kwa nyanya yake." Akarudisha kidude. "Mufundisheni."

"Na kura?" Gaston aliuliza.

"Minye nasema ikuje leo," Orpha alisema. "Lakini bwana yangu asikufe."

Mikono ikainuka, wa Mama Claire pia. Ghislain aliihesabu kwa macho, kisha akamtafuta dada yake. Daniella hakuwa ameinua mkono. Mkono wake ulikuwa ndani ya mfuko, unatafuta kalamu.

"Papa Godefroid," alisema, "keti pale ku dirisha. Nataka uso yako."

"Yangu? Na boti?" Aliangalia viatu vyake vya kazi.

"Uso kwanza. Kisha nitarudi kwa ule mutekaji. Naye sijamuangalia bado."

Godefroid aliketi, mgongo wima kama yuko kazini. Daniella alipotaka kuanza, Orpha aliinuka.

"Ungojee," alisema, akaenda kumnyoosha kola.